Maua Hayaliwi

Jumapili, 3 Oktoba 1954

Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimepata ardhi, na kwa sababu nikimwambia Faustin yote yaliyo moyoni hatalala. Bora niyaweke katika daftari hili la binti yetu Régine, aliyepanda darasa na kuliacha na kurasa tele.

Ardhi yenyewe ni mteremko nyuma ya cité, mtaa wetu sisi Waafrika, karibu na kijito. Upana hatua ishirini, urefu hatua arobaini. Juu kuna mawe mawe, chini udongo mweusi mzito. Bwana agent, ofisa wa serikali, aliipima mwenyewe. Sisi tunamwita Bwana Kamba, maana hatoki ofisini bila kamba yake ya kupimia. Hata choo cha watu anakipima. Alipomaliza akaniambia kwa kile Kiswahili chake:

"Weye hapana panda chakula hapa. Mayua tu. Mimi nakuta muhogo, nakuta mboga, nafukuza weye. Nakuta majani mubaya, nafukuza weye. Iko Mugiriki ya matofali, anataka hii bulongo."

Akaongeza kwamba mwanamke wa cité hawezi kuacha bulongo, udongo mzuri, bila kupanda kitu cha kula. Kabla ya Noeli, alisema, atakuta sombe, majani ya muhogo, pale. Tangu nina miaka kumi na miwili napalilia maua ya watu: kwanza ya masista huko kwetu Kongolo, kisha ya madame mmoja wa mjini, mpaka aliporudi Ulaya. Sasa nina miaka thelathini na mmoja na nataka ya kwangu. Sombe atakula kwake.

Karatasi ina jina la Faustin, kwa sababu Bwana Kamba alikataa kuandika jina la mke wa mtu. Faustin ni fundi katika karakana ya reli. Alitia sahihi huku anacheka: "Mayua, Virginie? Njo tutakula na bukari?" Bukari ndiyo ugali wetu. Ruhusa ni mpaka mwisho wa Januari. Shamba likiwa safi, nitaendelea. Lisipokuwa safi, ni la Mugiriki.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimefyeka. Mikono imetoka malengelenge. Sehemu ya chini imejaa ndago, na ndago siyo jani la mchezo: chini ya ardhi ina punje zimeshikana kama shanga kwenye uzi, ukizikata kwa jembe kila punje inaanzisha ukoo wake. Hiyo nitaifukua kwa kisu, moja moja, nimepiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumamosi, 23 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 25 Oktoba

Watu wote wamekimbilia mashamba na mbegu za mahindi. Mimi nimekaa juu ya jiwe langu, mikono mapajani. Mama Amida, jirani yetu, mke wa fundi cherehani, watu wa Maniema, alipita na jembe begani akasimama.

"Mama Régine, mvua ilisha kunyesha. Weye unakaa tu?"

"Nangojea majani yaote."

"Majani?"

Nikamweleza. Mbegu za majani zimelala ndani ya udongo miaka na miaka, zinangoja mvua kama sisi. Mvua ya kwanza ni yao. Ukipanda siku hiyo, umelala kitanda kimoja na mwizi. Mimi naziacha ziote zote, zikiwa bado changa nazikwangua, nangoja kundi la pili, nalikwangua nalo, ndipo napanda. Mama Amida alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema, "Mayua haikuliwe. Na sasa ata kupandwa haipandwe." Akaenda zake. Kufika jioni, mstari wetu wote wa nyumba walikuwa wamelijua neno hilo na wanalirudia kila nikipita na ndoo. Nilicheka nao. Moyoni sikucheka.

Jumanne, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Motokari za Wazungu zimepita toka asubuhi zikienda makaburini zimejaa maua mpaka madirishani. Mimi sina hata moja la kuuza. Mwaka kesho nitakuwa nayo.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimechinja majani. Ardhi ilikuwa kijani kama mkeka mpya, majani urefu wa ukucha. Nilipitisha jembe juu juu, kukwangua tu, bila kuchimba, jua likamaliza kazi. Saa nne Faustin akatokea kunisaidia, mtu wa watu, akavua shati na kuanza kulima tuta la kwanza kwa nguvu zake zote, kina cha goti. Nikamnyang'anya jembe. Ukichimba chini hivyo, unazipandisha juu mbegu ambazo zilikuwa zimelala, na kazi ya wiki mbili imekwenda bure. Nilimwambia hivyo, labda kwa sauti kubwa.

"Minakuja kukusaidia, unanifukuza sawa mbuzi," alisema. Akavaa shati lake. Jioni hakula vizuri. Nilimwomba msamaha, lakini jembe sikumrudishia.

Ijumaa, 12 Novemba

Kundi la pili limeota, dogo kuliko la kwanza. Nimelikwangua. Mahindi ya Mama Amida yamefika kimo cha kiganja na majani yake pia.

Jumanne, 16 Novemba

Nimepanda. Naandika na mgongo unaniuma, na sijali.

Nimevuta uzi kutoka kijiti hadi kijiti, mistari imenyooka. Kati ya mstari na mstari nimeacha upana wa jembe langu dogo, ili lipite bila kugusa mzizi. Lakini ndani ya mstari nimesogeza mimea karibu karibu, majani yake yatakutana na kufunika ardhi, na jani baya halipendi kivuli. Matuta ya juu nimefukia vitunguu mia mbili vya glayeli, ua refu kama upanga, nilivyovitunza ndani ya magunia chini ya kitanda tangu mwaka jana. Matuta ya katikati, zinia. Matuta matano ya chini kwenye udongo mweusi, magariti, yale maua ya rangi ya zambarau na nyeupe ambayo Wazungu wanapenda mezani. Kati ya mistari nimetandika nyasi kavu. Kila tita nimelikung'uta na kulitazama kwanza kama halina mbegu.

Faustin alikuja jioni akasimama mbali kidogo. "Inapendeza," alisema. "Sawa njia ya reli." Kwake yeye hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Jumatatu, 22 Novemba

Wifi yangu Laurentine amefika kutoka Pweto na gunia la tshisense, vile visamaki vikavu, na hasira. Mume wake ameoa mke wa pili. "Nimekuja kupumuzika," alisema, akakaa juu ya kiti changu. Sauti yake inafika mpaka nyumba ya nne. Nampenda, lakini nyumba ni ndogo.

Alhamisi, 25 Novemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimempa. Nimemkabidhi Laurentine matuta matano ya chini, mimi nibaki na ya juu na ya katikati, maana majani yanakimbia kuliko mikono miwili. Anapalilia vizuri sana huyu mwanamke. Anaimba, anainama, jembe linapita kama wembe. Nashukuru Mungu.

Jumamosi, 4 Desemba

Mvua kila siku. Kila jioni Laurentine anapika lengalenga, ile mboga ya mchicha, na tshisense, na Faustin ananenepa. Mama Amida amekuja kuomba kidogo, Laurentine amempa, na wake wa nyumba tatu za mbele nao wamepata. Nimemsifu kwa mkono wake wa kutoa. Nilifikiri anainunua sokoni.

Alhamisi, 9 Desemba

Mjomba amefariki Kipushi. Naondoka leo kwa matanga. Laurentine abaki na shamba lote.

Jumatatu, 20 Desemba

Nimerudi. Siku kumi na moja nilikaa chini kwenye mkeka wa matanga huku mvua inapiga bati, na kila tone nalisikia linaotesha jani shambani kwangu. Lakini mpwa hatoki kabla watu hawajanyoa nywele na kufagia majivu. Ukitoka, watasema kifo unakijua kilikotoka. Nikakaa. Nilimlilia mjomba kwa kweli, na machozi mengine yalikuwa ya magariti.

Leo nilishuka motokari nikaenda shambani moja kwa moja, na furushi kichwani. Matuta ya juu, safi. Ya katikati, safi. Nikasema, Laurentine, Mungu akubariki. Kisha nikafika chini.

Matuta matano. Hapana jani moja baya, ndago hakuna, nyasi hakuna. Na katikati ya magariti yangu, lengalenga kimo cha goti, nene, nyekundu shinani, vichwa vimeanza kutoa mbegu. Zimepaliliwa pembeni, zimepandishiwa udongo, zimechumwa majani kwa zamu. Magariti yaliyo chini yake yamekuwa marefu na meupe kama watoto wagonjwa. Theluthi moja yamekufa.

Nilimkuta Laurentine nyumbani anachambua mboga. Nikamuuliza kama ana akili.

"Wifi, ile iko chakula," alisema, na alishangaa kweli, hakuwa anajitetea. "Kwetu Pweto lengalenga ikiota yenyewe, haing'olewi. Unapalilia pembeni, unachuma majani, shina, mama yake, anabakia. Mutu gani anang'oa chakula chenye Mungu alipanda?"

"Ni jani baya, Laurentine. Katika shamba la maua ni jani baya."

"Ulikuwa unakula. Ulisema iko tamu."

Na ni kweli. Wiki mbili nilikula magugu ya shamba langu mwenyewe, nikalamba vidole, nikamsifu mpishi, wala sikuuliza yametoka wapi. Nilikuwa nimeinama kwangu, sikuinua macho kutazama kwake. Nina hasira naye na nina hasira zaidi na mimi. Kesho alfajiri ninang'oa yote.

Jumanne, 21 Desemba

Maji yakimwagika hayazoleki. Nitaandika polepole ili niyaandike yote.

Tangu alfajiri nimeng'oa. Laurentine hakuja. Saa tatu nilikuwa nimemaliza matuta matatu, rundo la lengalenga limefika kiunoni mwangu, nikasikia motokari. Bwana Kamba. Hakuwa na siku ya kuja kabla ya Januari, lakini anakuja akitaka. Nyuma yake Clément, karani wake, kijana wa hapa hapa cité, na kitabu kwapani.

Bwana Kamba hakusalimu. Alitazama rundo, akatazama matuta mawili yaliyobaki yamesimama, akatabasamu kama mtu aliyeshinda mchezo wa karata.

"Mimi nilisema nini? Mboga."

"Bwana, hakuna mutu aliipanda. Iliota yenyewe. Niko naing'oa, unaona."

Akachuchumaa. Huyu mtu anaogopa vumbi, lakini leo alichuchumaa. Akagusa shina moja kwa ncha ya kalamu.

"Jani baya linaota popote. Hii inaota, pembeni iko safi. Nani amesafisha? Bulongo imepandishwa. Nani amepandisha? Hapa majani imekatwa, hapa imekatwa. Hii iko shamba. Weye unavuna."

Alikuwa anasema kweli yote na bado ni uongo. Kazi nzuri ya Laurentine ndiyo iliyotushitaki. Angepalilia vibaya tungeokoka.

Nikamwambia, "Bwana, ukitafuta shamba ya mboga, angalia mustari. Mustari iko ya maua. Lengalenga inasimama ovyo. Mimi sipandi ovyo."

Clément akaitazama mistari, akatazama chini. Bwana Kamba akamwambia aandike, naye akaandika. Jumatatu tarehe 31 Januari atakuja na Mugiriki pamoja na kamba. Nikauliza, na nikiwa safi siku hiyo? Akasema sitakuwa safi, lengalenga imeshamwaga mbegu, hata yeye anajua. Kwa hilo alikuwa na haki pia. Nilipokuwa namsikiliza, mbegu nyeusi, ndogo kuliko baruti, zilikuwa zinadondoka kutoka kwenye rundo langu mwenyewe.

"Basi Bwana aje tarehe thelathini na moja," nilimwambia. "Mimi nitakuwa hapa."

Sauti haikutetemeka. Nimefurahi kwa hiyo sauti.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Laurentine na mimi tumekaa benchi moja kanisani bila neno.

Jumatano, 29 Desemba

Mbegu zimeota. Matuta ya chini yamekuwa mekundu kwa vichipukizi, huwezi kuweka kidole. Nakwangua, mvua inanyesha, vinaota vingine. Nimefukia rundo lote ndani ya shimo.

Faustin leo ameniambia niache. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniumiza. Anaogopa jina lake katika kitabu cha Bwana Kamba; wakubwa wa reli wakisikia, watasema Faustin ni mtu wa matata. "Iko kipande ya bulongo tu, Virginie. Tutatafuta ingine." Nikamwambia, jina ni lako lakini magoti ni yangu, na magoti hayajasema yamechoka. Akatoka akaenda kwa rafiki zake. Nimekaa na taa nikiwaza kwamba labda mume wangu ni mwoga. Niliandika neno hilo, na sasa ninaliona linanitazama. Silifuti.

Jumatatu, 3 Januari 1955

Leo nilikuta watu shambani. Nilisikia sauti ya Laurentine kabla sijamwona.

Wanawake kumi na nane, mstari wetu wote. Yule aliyekula sahani moja na yule aliyekula kumi, maana nilipokuwa Kipushi Laurentine aligawia nyumba zote. Alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba tangu jana na neno moja: "Mweye mulikula. Sasa muiname." Mama Amida yuko mbele kabisa, kitambaa kimefungwa kichwani, jembe lake begani.

"Mayua haikuliwe," aliniambia, "lakini miye nilikula ya weye. Unionyeshe."

Nikawaonyesha. Juu juu, kukwangua, si kuchimba. Asubuhi jua likiwa kali, ili vikauke, si jioni ambapo vitapata umande na kufufuka. Karibu na shina la ua, acha jembe, tumia vidole. Wanajua kulima kunishinda mimi, kwa hiyo walielewa upesi. Neno moja tu lilikuwa gumu. Lengalenga ile changa, laini, ndiyo tamu kuliko zote, na walikuwa wameanza kuifunga mafungu kiunoni. Nikasema hapana. Fungu moja likionekana linatoka hapa, tumevuna. Yote ndani ya shimo.

Kazi ikasimama. Mama Amida akatazama fungu lake.

"Kufukia chakula, Mama Régine. Mungu anatuona."

"Mungu anatuona na Bwana Kamba anatuona," nilisema. "Mungu atasamehe."

Akaenda mwenyewe kwenye shimo akatupa. Wengine wakafuata. Laurentine alikuwa wa mwisho. Aliporudi nilimshika mkono, tukainama pamoja kwenye tuta moja. Hatukuombana msamaha, kila mtu alijua.

Jumatano, 12 Januari

Mvua siku nne mfululizo, haikwanguliki kitu. Tumeng'oa kwa vidole ndani ya tope.

Jumanne, 18 Januari

Zinia ya kwanza imefunguka. Nyekundu. Majani ya zinia yamekutana juu ya mistari, na chini yake ardhi ni nyeusi na tupu, haioti kitu.

Jumapili, 23 Januari

Casimir, sakristani wa parokia, amechukua zinia thelathini kwa altare. Magariti yaliyobaki yameinua vichwa. Laurentine huyatembelea kila asubuhi kabla hajanisalimu mimi. Faustin haji shambani. Ananiuliza habari jioni, namjibu kwa ufupi.

Jumapili, 30 Januari

Baada ya misa tumepita tuta kwa tuta, watu kumi na tisa, bega kwa bega, macho chini. Tulipata lengalenga nne na ndago moja. Tumerudi kupita mara ya pili, hatukupata kitu. Kesho.

Jumatatu, 31 Januari

Walikuja saa tatu na nusu. Bwana Kamba, Clément, na Mugiriki mwenyewe, mnene, anapangusa shingo. Wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi juu ya shamba. Sikuwaita. Laurentine pekee ndiye alisimama karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hana sauti.

Glayeli zilikuwa zimechanua tangu Ijumaa, nyeupe na rangi ya machungwa. Bwana Kamba alizipita bila kuzitazama. Alikuwa anatazama chini. Alipita mstari wa kwanza, wa pili, wote. Kwenye matuta matano ya chini akavua kofia, akapiga goti, akainua majani ya magariti kwa mkono wake na kutazama chini yake, tuta baada ya tuta. Alitumia karibu saa nzima. Mugiriki alirudi kukaa ndani ya motokari yake, akaacha mlango wazi.

Bwana Kamba akasimama na goti lenye tope.

"Iko safi," alisema. Nadhani neno lilimkwaruza koo. Nikataka kuimba. Lakini akageuka upande mwingine. "Mwenye karatasi iko wapi? Karatasi iko ya Faustin. Mimi naona wanawake tu."

Nilianza kusema kwamba Faustin yuko kazini, na sauti ikasema nyuma yangu, "Niko hapa, Bwana."

Alikuwa na nguo zake za kazi, mafuta mpaka kwenye viwiko. Aliomba ruhusa ya saa mbili kwa mkubwa wake, mtu ambaye miaka tisa hajawahi kumwomba hata dakika. Hakuniambia.

Bwana Kamba alimwita kwenye tuta. "Weye njo mulimaji. Vizuri. Hii ua jina yake nani? Ulipanda siku gani?"

Faustin alilitazama ua. Ningeweza kumnong'oneza, tulikuwa hatua mbili. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo.

"Sijui, Bwana. Miye niko fundi wa reli. Siku moja nilikuja kulima hapa, muke wangu alininyang'anya jembe, na alikuwa na haki. Hii shamba iko yake. Miye nilitia jina tu, juu ya vile Bwana alikataa kuandika ya kwake."

Mimi nilifikiri, basi, tumekwisha, na wakati huo huo nilifikiri, huyu ndiye niliyemwandika mwoga. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile, na shamba linatuponyoka.

"Basi karatasi iko ya uongo," alisema Bwana Kamba. Karibu afurahi. "Clément, andika. Karatasi imekufa."

Clément akafungua kitabu. Nikamgeukia yeye.

"Karani, weye unajua kusoma ile sheria. Inasema muke ya mutu hapewi shamba kabisa? Ao inasema nini?"

Clément alitazama viatu vyake. Ni kijana mwenye kazi nzuri na shati safi, na mama yake anaishi mstari wa tatu. Akajibu kwa sauti ndogo, akimtazama Bwana wake na si mimi.

"Inasema hapewi bila ruhusa ya bwana yake."

"Bwana yangu huyu hapa," nilisema.

"Natoa ruhusa," alisema Faustin. "Mbele ya watu wote hawa."

Wanawake wakasimama, wote kwa mara moja, wakashuka mpaka ukingo wa tuta la kwanza. Hawakukanyaga ua hata moja. Bwana Kamba alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mugiriki akatoa kichwa motokarini, akauliza jambo kwa Kifaransa, akaambiwa subiri. Akatazama saa yake, akatutazama sisi tuliosimama pale, akafunga mlango na kumwambia dereva wake waondoke. Udongo wa matofali uko kila mahali katika nchi hii.

Bwana Kamba akaandika mwenyewe, kwa hasira, kalamu ikachana karatasi kidogo. Jina langu lote, Virginie, mke wa Faustin. Lakini hakuniachia hivi hivi. "Miezi tatu. Tarehe thelathini ya Aprili, mwisho. Siku ile mimi nakuta ua, nitaona. Nakuta bulongo bule, nafukuza weye."

Akaondoka na kamba yake bila kuikunjua. Clément alifuata. Alipopita karibu na zinia alipunguza mwendo kidogo, lakini hakugeuka.

Faustin alikuwa amebaki na nusu saa. Aliniambia, "Unionyeshe majina." Nikamwonyesha, moja moja, akirudia kama mtoto wa katekisimu. Kisha akakimbilia kazini.

Mchana nilitoa gunia la mwisho la vitunguu vya glayeli, sitini, nikafungua uzi, nikapanda kwenye tuta la kwanza la chini, maana maua ya sasa yatakuwa yameisha kufikia Aprili. Laurentine alikuwa anashika kijiti cha upande wa pili. Akaniuliza glayeli inachukua muda gani kutoka ardhini mpaka ichanue. Nikamwambia zile za Novemba zilichukua siku sabini na tatu, lakini za sasa, mvua ikiisha na baridi ikianza, siku tisini.

Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akasema kutoka leo mpaka tarehe thelathini Aprili ni siku themanini na tisa.

Najua. Nilikuwa nimeshahesabu wakati kalamu yake bado iko juu ya karatasi, na sikusema kitu. Siku hiyo atakuja na kamba atakuta matumba sitini yamefunga, bado hayajafunguka, na mimi nimesimama katikati yake na jembe. Atakayetaka kunitoa hapo atangoja mpaka kesho yake, yatakapofunguka.